Shangazi, nakwenda kukatwa tumbo: nile nini, na Ramadhani itakuwaje?

Assalaam aleikum Shangazi,

Nakuandikia kutoka Amu (Lamu), mtaa wa Langoni. Nina miaka 41 na watoto watatu. Urefu wangu ni sentimita 160, uzani kilo 128. Kisukari ninacho mwaka wa sita sasa, natumia metfomini na glibenklamaidi. Presha ninayo pia, nimepewa kile kidonge cha kukojoza. Mlo gani sijaujaribu? Napunguza kilo nane, narudisha kumi. Daktari wa upasuaji huko Mombasa amenikubalia, na wiki nne kutoka sasa nitafanyiwa ule wa slivu, wa kupunguza tumbo ili nikonde, inshallah.

Nimetoka kwake na karatasi moja tu. Inasema wiki mbili kabla ya siku yenyewe nisiguse wanga. Mavyaa wangu kaisoma, akasema, "Mtu aenda kupasuliwa, halafu anyimwe na chakula? Utafika huko huna nguvu." Bwana yuko katikati, hasemi neno. Mambo ya baada ya upasuaji yameandikwa "majimaji, laini, kawaida" bila kipimo chochote. Nyumbani twala sinia moja, watu saba. Ramadhani itaingia miezi mitatu baada ya upasuaji: nitafunga au sifungi? Nimesikia pia kwamba nitameza vidonge maisha yangu yote, na kwamba nywele huisha. Na nikizidiwa, mimi niko kisiwani, daktari yuko Mombasa.

Dada yangu yuko Malindi. Binti yake anaolewa mwezi wa tano baada ya upasuaji wangu, nami nataka kushona nguo. Nimshonee mtu gani, huyu wa sasa au yule ajaye?

Nakomea hapo. Usiku huu tena silali, kiungulia kimepanda na mito mitatu haitoshi.

Mama wa Langoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Jambo kubwa kuliko yote katika barua yako umeliweka mwishoni, kama mtu anayeaga: kiungulia cha kila usiku. Hilo mpigie daktari wako wiki hii, usingoje siku ya kulazwa.

Katika slivu, tumbo hukatwa kwa urefu wake na robo tatu au zaidi hutolewa nje. Hubaki bomba jembamba mfano wa mkono wa kanzu, lenye nafasi ya mililita 100 hadi 150 hivi. Bomba jembamba lina msukumo mkubwa ndani yake, na njia rahisi ya asidi kutoka ni kupanda juu. Kwa hiyo mtu aliyeingia na kiungulia kikali anaweza kutoka nacho kimezidi, na wapo wanaorudi kupasuliwa mara ya pili kwa sababu hiyo tu. Omba upigwe endoskopi, ile kamera inayopitishwa kooni, kabla ya tarehe yako. Itaonyesha kama koo la chakula limeungua, kama tumbo limepanda kifuani kupitia kiwambo, ule ukuta unaotenga kifua na tumbo, na papo hapo utapimwa bakteria wa vidonda, helikobakta, ambaye akipatikana hutibiwa kwanza.

Koo likionekana limeumia, muulize daktari, "Je, baipasi hainifai zaidi?" Katika baipasi hutengwa kijifuko cha mililita 30 hivi juu kabisa, kisha huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Asidi haipati njia ya kupanda, na kisukari pia hushuka vizuri. Ina gharama zake: upungufu wa vitamini huja haraka zaidi, sukari hukuadhibu zaidi, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huziachi kwa muda, waziaga moja kwa moja, kwa kuwa huchimba vidonda pale kwenye kiungo. Uamuzi ni wenu wawili. Lakini usipoulizwa, sema mwenyewe.

Sasa karatasi na mavyaa. Mwambie kwa adabu kwamba hizo wiki mbili si za kukukondesha, ni za ini. Bawa la kushoto la ini limelala juu ya tumbo, na daktari lazima alinyanyue ili aone anakokata. Ini la mtu mwenye uzani wako na kisukari huwa limejaa mafuta na akiba ya sukari, na akiba hiyo hushika maji. Likiwa hivyo huwa zito na chepechepe, likiguswa hutoa damu. Ukiacha wanga, akiba ile hutumika ndani ya siku chache na ini husinyaa. Usipoacha, daktari anaweza kuingiza kamera, akatazama, akafunga tena bila kufanya kitu. Na wanaoharibu siku hizi 14 mara nyingi si walafi. Ni watu walioandaliwa biriani la kuagwa siku mbili kabla ya safari.

Kwa hiyo wiki mbili hizo: hakuna wali, sima, mahamri, chapati, viazi, muhogo, ndizi, tende, soda wala juisi, hata ya embe la shambani kwenu. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na chai isiyo sukari. Mchana samaki wa kuchoma au kuku bila ngozi, ukubwa wa kiganja chako, na mboga hadi ushibe: mchicha, bamia, kabeji, mabiringani, matango. Jioni vivyo hivyo, na kikombe cha mtindi usiotiwa sukari. Nazi iache kabisa kwa muda huo. Jumla yake hucheza kwenye kalori 800 hadi 1,000 kwa siku. Siku ya tatu na ya nne kichwa kitauma na utakuwa mkali kwa kila mtu. Waonye watoto. Kunywa supu yenye chumvi kidogo, itapita.

Hapa pana hatari moja ambayo karatasi yako haikuitaja. Glibenklamaidi hulazimisha mwili kutoa insulini, ule usile. Ukiacha wanga huku unaimeza dozi ileile, sukari itaporomoka: jasho la baridi, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika. Kabla ya siku ya kwanza ya mlo, daktari akuambie uipunguze kiasi gani au uiache. Pima sukari asubuhi na jioni. Kipimo kikisoma chini ya 4, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, kisha piga simu. Hiyo ndiyo sukari pekee unayoruhusiwa. Metfomini kwa kawaida huendelea. Kidonge cha kukojoza uliza mapema kuhusu siku za baada ya upasuaji, maana mtu anayekunywa kwa kijiko hafai kukamuliwa maji na dawa.

Safari nayo ina hesabu yake. Jambo linaloogopwa zaidi ni mshono wa ndani kuvuja, na hilo mara nyingi hujitokeza ndani ya siku kumi au wiki mbili za kwanza. Usije ukawa Langoni siku ya tano. Ungekuwa ndugu yangu ningekupangia hivi: wiki ya kwanza mahali karibu na hospitali Mombasa, wiki ya pili kwa dada yako Malindi, ambako ni mwendo wa saa mbili hivi kurudi kwa daktari, na baada ya kuonwa kliniki ndipo ushike njia ya Mokowe kupanda boti ya Amu. Ndani ya basi usikae kama mzigo. Damu huganda miguuni baada ya upasuaji na kwa kukaa muda mrefu, basi kila linaposimama shuka utembee, na ukiwa umeketi zungusha vifundo vya miguu. Kupanda na kushuka boti shikwa mkono. Kwa wiki sita usinyanyue kitu kizidicho kilo tano: dumu la maji la lita 20 halikuhusu, wala mtoto wa kubebwa. Ngazi za nyumba za Amu zilivyo, panda taratibu, lakini panda. Kutembea ni dawa.

Tuje kwenye vipimo vya kunywa na kula, maana hapo ndipo ulipoachwa gizani.

Chukua kikombe cha kahawa tungu, kile kidogo kisicho na mkono. Kipime kwa kijiko cha mezani: kijiko kimoja ni mililita 15. Vijiko viwili, yaani mililita 30, ndicho kiasi chako cha kila robo saa, kwa funda ndogondogo. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, saa 14, utakuwa umekunywa karibu lita moja na mililita 680. Inatosha. Weka saa ya simu ilie kila robo saa, kwa sababu kiu haitakukumbusha. Wengi wanaorudishwa hospitali wiki ya kwanza hawana ugonjwa wa ajabu, wamekauka maji tu. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Usitumie mrija, hukuingizia hewa, wala kinywaji cha gesi.

Siku mbili za mwanzo ni maji, supu iliyochujwa na chai nyepesi. Kahawa yenyewe ngoja mwezi mzima. Kuanzia siku ya tatu hadi ya 14 ni maziwa, na hapa ndipo protini inapotafutwa. Mwili wako utahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Ukiukosesha, utakula misuli yako. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 8. Ukikikorogea gramu 25 za maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, vijiko vitatu hivi vya mezani, kinafika gramu 16 au 17. Vikombe vinne kwa siku nzima, kwa mwendo uleule wa robo saa, vinakufikisha gramu 65 na zaidi, na lita hiyo inahesabiwa pia katika maji yako. Tumbo likinguruma na kuharisha, badili kwa mtindi uliolainishwa kwa maji. Madafu ni matamu na yana chumvichumvi nzuri, lakini protini hayana. Yasichukue nafasi ya maziwa.

Wiki ya tatu na ya nne ni vya kusagwa. Changu achemshwe, atolewe miba yote, asagwe kwa blenda na mchuzi wake hadi awe kama uji mzito. Tui tumia la mwisho, jepesi. Kasimile, lile tui zito la kwanza, waachie wenyewe. Dengu zilizochujwa maganda ni nzuri, mbaazi pia. Kipimo ni vijiko vitatu au vinne vya mezani kwa mlo, mara tano kwa siku. Wiki ya tano na ya sita ni vya kupondeka kwa uma: yai laini, samaki mzima asiye na miba, kuku aliyechambuliwa. Kuanzia wiki ya saba unarudi kwenye chakula cha watu, ila vitu vinne vichelewe: wali, mkate laini, nyama ya ng'ombe na pweza. Wali na mkate huvimba na kugandana kama gundi ndani ya bomba. Nyama na pweza havitafuniki vikaisha.

Kikikwama utajua. Kifua hubana katikati, mate hujaa mdomoni kama povu. Usinywe maji kukisukuma, maji yatakosa pa kwenda. Inuka, tembea, subiri. Kisha jiulize: nilitafuna mara ngapi? Tonge liwe la ukubwa wa njegere na litafunwe mara 20 hadi 30. Mlo uchukue dakika 20 au 30. Usinywe nusu saa kabla wala nusu saa baada ya kula, maana maji juu ya chakula hukijaza kifuko au hukiteremsha haraka, ukabaki na njaa.

Sinia ndilo jaribu. Si kwa sababu ya wali, ni kwa sababu ya macho. Kwenye sinia la watu saba kila mtu anaona mkono wako umesimama, na ukarimu wetu hauna breki: "Ongeza, mbona hujala!" Usitangaze ugonjwa wako kila siku. Kula kitoweo chako kwanza jikoni, kwenye sahani ya kikombe cha chai, samaki gramu 60 (gramu 13 hivi za protini). Kisha keti nao upande wa bwana wako, vunjavunja kitoweo na uwasogezee watoto. Mkono unaogawa hauulizwi. Na bwana umpe kazi: yeye ndiye amjibu mamake, si wewe. Amekaa katikati vya kutosha.

Kufunga: Ramadhani ya mwaka huu hapana. Sisemi hivi kwa kukuonea huruma. Kati ya magharibi na alfajiri huku pwani kuna saa kumi na kitu, na ndani yake ulale, uswali, ule. Bomba linalopokea vijiko viwili kwa robo saa halitaweza kubeba maji na protini za siku nzima ndani ya saa hizo, na mtu aliyekauka maji hupata mawe ya figo na kuzimia. Ngoja angalau mwaka mmoja, kisha upimwe damu na uzungumze na daktari kwanza. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qurani yenyewe. Kama ni kulipa au kutoa fidia, muulize sheikh wako ukiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Lakini hata usipofunga, futari itakuja mezani. Jihadhari na kaimati kuliko kitu chochote. Sukari iliyoyeyuka ikishuka haraka utumboni, ndani ya nusu saa moyo hupiga mbio, tumbo husokota, jasho hutoka, unatamani kulala sakafuni. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu yaweza kuanguka tena. Watu wa baipasi ndio hupatwa zaidi, wa slivu nao hawajasalimika. Tende moja, tena baada ya samaki, ijaribu mwezi wa tatu ukiwa nyumbani.

Vidonge: ndiyo, maisha yote. Multivitamini yenye madini kila siku. Kalsiamu ya sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500, ikigawanywa, kwa sababu mwili haunyonyi zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja. Vitamini D yuniti 3,000. Kwa kuwa bado unapata hedhi, madini ya chuma miligramu 45 hadi 60. Vitamini B12 waweza kuipata kwa sindano ya maikrogramu 1,000 kila mwezi, na sindano hiyo hata zahanati itakuchoma. Chuma na kalsiamu hugombana: viachanishe saa mbili, na chuma usikimeze na chai ya rangi. Ukinipa ratiba ya kwako ningesema chuma alfajiri, kalsiamu mchana na usiku. Wiki za mwanzo tembe kubwa huvunjwa au kusagwa, isipokuwa zile za kutoa dawa polepole, kama baadhi ya metfomini. Hizo zikisagwa dozi yote hushuka kwa mkupuo. Omba ya kawaida. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Uliza pia kuhusu dawa ya kuzuia mawe ya nyongo kwa miezi sita, maana kukonda kwa kasi huyaleta.

Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, halafu huota. Hina na mafuta ya nazi hayazuii. Protini na chuma husaidia. Mimba, kwa miezi 12 hadi 18, usishike, na ujue kwamba kukonda hurudisha uzazi uliokuwa umelala. Kitanzi au kipandikizi, si vidonge. Na mzani upande mara moja kwa wiki. Wiki ya tatu au ya nne utagoma kushuka, usilie.

Kuhusu kisiwa: andika kadi ndogo, iweke kwenye pochi. "Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, slivu, tarehe fulani. Nisipewe ibuprofeni wala diklofenaki. Mpira wa puani usipitishwe bila kuwasiliana na daktari wangu. Nikiwa nimetapika kwa siku kadhaa, nipewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi." Namba ya daktari chini yake. Hilo la thiamini, vitamini B1, ni zito. Anayetapika mfululizo huimaliza akiba yake, na glukosi ikitangulia, ubongo huumia: macho hucheza, miguu hupepesuka, akili huchanganyikiwa.

Mapigo ya moyo yakizidi 120 umeketi, homa ikivuka 38, bega la kushoto likiuma bila sababu, pumzi ikikatika, mguu mmoja ukivimba, au maji yakikataa kukaa tumboni nusu siku, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali iliyo karibu hapo Amu, na mtu ampigie daktari wa Mombasa wakati wewe unawekewa dripu.

Ama nguo, kitambaa kinunue sasa kikiwa kwenye rangi uitakayo. Usimpe fundi hadi siku kumi kabla ya arusi. Mwezi wa tano kilo 25 kuwa zimeondoka si ajabu, na kipimo atakachokuchukua leo kitakuwa cha mtu mwingine. Mwambie aunge mbavuni kwa mshono wa kufumulika, asikate ziada. Utamrudia kabla ya Idi ya kuchinja.